Begi la Mkia

Kuchoka kuna ngazi zake, na Mama Mkia alikuwa ameshazipanda zote. Kuna kuchoka kwa mtu aliyefanya kazi kutwa, ambako kunaisha akioga na kulala. Kuna kuchoka kwa mtu aliyelala akaamka amechoka vilevile. Halafu kuna kule kwake yeye, dobi aliyevuta mashuka mabichi kutoka kwenye mashine za hospitali tangu usichana wake mpaka mgongo ukagoma, na sasa kila jioni, akiwa hoi bin taaban, anasimama chini ya ngazi za jengo analoishi na kuwaambia wanawe wawili wapande tena.

"Tena?" akauliza Mzee.

Mzee hakuwa mzee. Alikuwa mwanawe wa kwanza, wa darasa la sita, aliyepewa jina hilo kwa sababu tangu ajue kusema alisema kwa kuguna na kukunja uso, utadhani anafuatilia pensheni. Mdogo wake wa kike aliitwa Mkia kwa kuwa popote alipo mama, yeye yupo nyuma yake. Jikoni yupo, dukani yupo. Hata mama akiingia chooni, mtoto anakaa nje ya mlango na kuendelea kusimulia habari za shule. Majirani nao wakaishia kumwita mama yao Mama Mkia, na jina lake la kweli likabaki kwenye kitambulisho cha kazi.

"Tena," akasema mama. "Mpaka juu kwenye mlango wa paa. Na msishike ukuta."

Wakapanda, mabegi mgongoni, viatu vikiburuza. Mama alisikiliza nyayo zao zikipotea ghorofa kwa ghorofa, mkono mmoja kiunoni, akijionea huruma na kuwaonea huruma, na hakuwaita warudi.

Daktari wa mifupa alikuwa amemwonyesha picha ya uti wake wa mgongo kwenye kioo chenye taa. Pingili zimesagana, akasema, lazima apasuliwe. Tarehe ikapangwa, mwanzoni mwa likizo ndefu. Akiikosa tarehe hiyo, foleni ni ya mwaka mzima, na mguu wa kushoto ulioanza kufa ganzi hautasubiri mwaka. Mpaka siku hiyo alipewa amri moja: kutembea ruksa, tena atembee sana, lakini asinyanyue kitu.

"Hata ndoo?" aliuliza.

"Hata ndoo."

"Hata mtoto?"

Daktari alicheka akidhani ni utani.

Baada ya upasuaji angelala chali kwa muda ambao hakuna jirani angeweza kukaa na watoto wake. Wa kuwapokea alikuwa mmoja tu, Bibi yao mzaa mama, na Bibi alikaa upande wa pili wa mlima. Barabara ya magari ilizunguka huko na kuishia mtoni, penye nguzo za daraja lililochukuliwa na mafuriko na ambalo mpaka leo linasubiri wakubwa walikumbuke. Iliyobaki ni njia ya miguu, kutwa nzima kwa mtu mzima mwenye afya yake, na juu kabisa kuna ngazi za mawe ambazo pikipiki haizipandi. Miaka yote mizigo waliibeba Mama Mkia na kaka yake, na Mkia alipanda juu ya mizigo akiimba. Safari hii kaka mtu aliapa kwamba atakuja kuwachukua watoto, kisha akapata kibarua mbali na simu yake ikawa haipatikani, na Mama Mkia, aliyemjua kaka yake vizuri, hakushangaa. Baba yao alikuwa na mji mwingine. Siku hizi alipiga simu kwa kukosea namba tu.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi. Watoto watavuka kwa miguu yao, na nguo, blanketi na vitabu vya likizo nzima vitavuka kwa migongo yao, na mama atatembea nyuma mikono mitupu. Wakishindwa njiani, yeye ndiye atakayeshindwa.

Mwanzo aliwajazia mabegi chupa za maji, kwa kuwa maji ni mazito na yapo bombani. Akaona amefanya akili. Siku ya pili akashangaa Mkia anapanda kwa wepesi wa paka wakati kaka yake anahema. Siku iliyofuata akashangaa mtoto anaomba choo kila akifika juu. Kumbe alikuwa anaunywa mzigo.

"Nani alikuambia unywe?"

"Si ulisema nifike nao juu?" akasema Mkia. "Nimefika nao. Upo tumboni."

Mama Mkia alikaa kwenye ngazi akacheka mpaka mgongo ukamkemea. Kisha akajaza mchanga kwenye soksi kuukuu, maana mchanga haunyweki, na mazoezi yakaendelea.

Aliwafundisha yote aliyoyajua. Kukata kucha za miguu mapema, kupaka sabuni kavu kisiginoni ndani ya soksi ili malengelenge yasitoke, kuhema kwa pua, na anayeshindwa kuhema kwa pua apunguze mwendo badala ya kusimama. Kwenye kufunga begi ndipo udobi wake ulipotoka wote. Nguo ya safari haikunjwi, inaviringishwa, tena inabanwa. Kizito kiguse mgongo, chepesi kikae nje, na kitakachohitajika njiani kiwe juu. Kila mtu afunge la kwake mwenyewe, kwa sababu aliyefunga ndiye mkono wake unajua cha kushika. Mikanda ya kifua aliishona kwa pindo za mashuka yaliyotupwa, na ndicho kitu pekee alichokiiba hospitali miaka yote hiyo.

Na kila mtu avae la kwake mwenyewe. Unalikalisha begi kwenye ngazi, unakaa ngazi ya chini yake, unapitisha mikono, unafunga mkanda, unainama mbele, unasimama. Mama haruhusiwi kunyanyua, na Mzee alikatazwa kumsaidia mdogo wake, maana njiani atakuwa na la kwake. Kwa hiyo begi la Mkia halikunyanyuliwa na kiumbe chochote ila mgongo wa Mkia.

Kilichomshinda mama ni shingo ya mtoto. Kupanda, Mkia alipanda. Wakati wa kushuka, mama alipowafuata juu na kuja nyuma yao taratibu, kila hatua mbili tatu Mkia aligeuka nyuma kuona kama mama bado yupo, na jioni moja akageuka, akakosa ngazi, akaporomoka na begi lake mpaka kwenye mlango wa jirani wa chini. Goti likachunika.

"Kwenye mteremko hakuna kugeuka," mama akamwambia, akilipuliza goti kwa kuinama kwa shida. "Tazama unapokanyaga. Basi."

"Sasa nitajuaje kama upo?"

"Nipo tu."

"Nitajuaje?"

"Niulize. Nitakujibu."

Ikawa ndio wimbo wa jengo. Mkia anashuka, macho kwenye vidole vyake vya miguu, anapaza sauti, "Mama, upo?" na mama kutoka juu anaitikia, "Nipo!" na mwalimu mstaafu wa ghorofa ya pili anafungua mlango kuuliza kama kuna msiba.

Wakishamaliza, mama alilala kifudifudi mkekani na Mkia alifanya kazi yake ya kila jioni. Alijaza maji ya moto kwenye chupa ya mpira, akaifunga kwa taulo, akaigandamiza pale pasipofikiwa na mkono wa mama mwenyewe, chini kidogo ya katikati, upande wa kushoto. Hakuhitaji kuelekezwa. Mzee aliwahi kujaribu akaambiwa anakanda kama anapiga muhuri.

Kazini, shoga yake wa mashine ya pasi alikuwa na maneno yake.

"Unaandaa watoto au wanajeshi?"

"Naandaa wabeba mizigo."

"Na yule mdogo umeshamwambia?"

Mama Mkia akajifanya anatafuta pindo la shuka. Mzee alikuwa anajua kila kitu. Alielezwa, akaguna, akaahidi kunyamaza. Mkia aliambiwa kwamba wanakwenda wote kwa Bibi kukaa mpaka mgongo wa mama upone. Mpango ulikuwa kuvuka, kulala, na alfajiri mama ajiondokee kimyakimya mtoto akiwa usingizini.

"Nitamwambia akishavuka."

"Akishavuka wewe hupo tena."

"Nikimwambia sasa hataondoka. Atajishika kwenye mguu wa kitanda, na mimi siwezi kumbandua. Unaelewa? Siwezi kumnyanyua mtoto wangu mwenyewe."

 Shoga yake akavuta shuka jingine, wakakunja pamoja kama kawaida, mmoja kila upande.

Siku ikafika. Lori la mchanga liliwashusha chini ya mlima jua halijachangamka. Mkia alikaa kwenye jiwe, akapitisha mikono, akafunga mkanda, akainama, akasimama. Alichukua muda kidogo kusimama, na mama aliona, akasema moyoni ni usingizi.

Walianza kwa hatua fupi, kama walivyozoea. Mzee mbele, Mkia katikati, mama nyuma. Njia ilipita kwenye mashamba, ikaingia kwenye miti, ikaanza kuinuka. Wapitaji walikuwa wengi asubuhi ile, na kila aliyewapita alimsalimia mama kwa mdomo na kumsuta kwa macho. Mwanamke mmoja mwenye mzigo wa kuni alishindwa kuvumilia.

"Dada, watoto wanajitwisha na wewe unapunga mikono?"

"Ndiyo, dada yangu," akasema Mama Mkia. Angesema nini? Alitamani awe na ile picha ya kioo chenye taa aivae kifuani kila mtu asome. Aibu ilimwuma kuliko mgongo, na mgongo nao ulikuwa unauma.

Mpaka miti ilipoisha watoto walikwenda vizuri. Mzee aliguna kwa nidhamu. Mkia alikuwa kimya, jambo ambalo lingemshtua mama yeyote, lakini huyu alidhani mtoto anahema kwa pua kama alivyofundishwa. Wakala mikate yao wakiwa wamekaa, wakanywa maji, wakaendelea. Kwenye ngazi za mawe ndipo Mkia alipoanza kubaki. Akapanda ngazi moja akasimama. Akapanda nyingine akasimama. Magoti yalikuwa yanamtetemeka kwa namna ambayo kwenye jengo hayakuwahi kutetemeka hata siku ya mchanga mwingi kuliko zote.

"Jikaze kisabuni," mama akamwambia. "Hapo juu ndipo kileleni."

"Najikaza."

Akapanda moja zaidi, akakaa. Hakulia. Alikaa tu, begi limemvuta nyuma mpaka uso ukaangalia mawingu.

 Mama alitazama walikotoka na wanakokwenda, na kote kulikuwa mbali. Hapa ndipo alipopaogopa wiki zote zile, mahali ambapo mtoto hawezi na yeye haruhusiwi.

"Fungua begi, tulipunguze. Mzee atachukua kidogo."

"Hapana."

"Mkia, fungua begi."

"Nitaweza. Nipumzike tu."

Mzee akashusha la kwake, akaja, akalivua lile la mdogo wake. Alipolinyanyua akayumba.

"Mama, hili begi lina nini? Huyu amebeba mawe!"

Akalifungua. Nguo za Mkia zilikuwa upande wa nje, zimeviringishwa vizuri. Upande wa mgongo, mahali pa kizito, palikuwa na taulo, na ndani ya taulo chupa ya mpira ya kukandia, imejaa pomoni. Chini yake ndara za mama za nyumbani. Sweta la mama la kijani. Kitana. Kikombe chake cha bati chenye mdomo uliobonyea, ambacho hakuna mwingine aliyekinywea.

"Vya nani hivi?" mama akauliza, ingawa macho anayo.

"Vyako," akasema Mkia. "Wewe huna begi. Nikaona tunakwenda kukaa siku nyingi na hakuna aliyekubebea vitu vyako. Mzee hakubeba. Basi nikabeba mimi."

"Na maji je? Kwa nini umejaza maji?"

"Tukifika utakuwa unaumwa. Kwa Bibi moto unachelewa kuwaka." Akaigusa chupa kwa kiganja. "Asubuhi yalikuwa ya moto. Yamepoa."

Upepo wa pale juu ulikuwa baridi. Mzee alikuwa bado amechutama mbele ya begi. Akainua uso wake wa kizee akamtazama mama yake moja kwa moja, bila kuguna.

"Mama, mwambie."

Mama Mkia alikaa. Kukaa kwake kulichukua muda, kwanza mkono kwenye jiwe, kisha goti, kisha yeye mzima. Alikuwa amechoka mwili, na zaidi ya mwili alikuwa amechoka kuulinda ule uongo, ambao alidhani ni mwepesi kumbe kuna mtu alikuwa anaupandisha mlima.

"Mimi sikai kwa Bibi," akasema. "Nawafikisha, nalala, asubuhi narudi. Nakwenda kupasuliwa mgongo. Nyinyi mtabaki mpaka nipone."

Mkia aliyachukua maneno yale polepole.

"Mzee anajua?"

"Anajua."

"Bibi je?"

"Anajua."

"Kwa hiyo ni mimi tu."

"Ni wewe tu. Nilikudanganya, mwanangu. Niliogopa hutapanda."

"Ningepanda," akasema Mkia, na hapo midomo ikaanza kumcheza. "Ningelia, lakini ningepanda."

 Mama alitaka kumvuta amkumbatie, lakini mtoto alikuwa amekaa ngazi ya juu na hakushuka.

"Nani atakukanda?"

"Manesi wapo."

"Wanapajua?"

"Nitawaonyesha."

"Utawaonyeshaje? Mkono wako haufiki."

Ilikuwa kweli, haufiki. Mama akanyoosha mkono kuichukua ile chupa, angalau hiyo, kitu kidogo tu, na Mkia akaipokonya kwa ukali ambao hakuwahi kuuonyesha kwa mama yake. "Umeambiwa usinyanyue!" Akafungua kizibo mwenyewe, akaimwaga taratibu juu ya mawe, akiyatazama maji mpaka tone la mwisho.

"Si ungeyanywa tu," akasema Mzee, akijaribu utani. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Mzee akachukua vitabu vya mdogo wake. Vitu vya mama, Mkia hakukubali vitolewe. Akavirudisha mahali pake, kizito kwenye mgongo, akakaa, akapitisha mikono, akafunga mkanda, akainama, akasimama. Wakavuka.

Upande wa pili walishuka jioni ikiingia. Mkia alikanyaga alipotakiwa kukanyaga na hakuuliza kama mama yupo. Mama alijikuta anasubiri aulizwe. Kila kona alikuwa na jibu lake tayari mdomoni, na halikuhitajika.

Bibi aliwapokea kwa kelele, maana masikio yake yalikuwa yamepunguza kazi na yeye alidhani ni ya watu wote. "WAMEFIKA! WAMEBEBA WENYEWE? HAKIKA WAMEKUWA!" Akawashika mabega, akawaminya kuona kama kuna nyama, akawapa chakula, akamtazama binti yake anavyokaa kwa kutafuta mahali pa kuegemea, akanyamaza ghafla. Kwa Bibi, kunyamaza kulikuwa sawa na wengine kulia.

Jioni ile Mkia hakumfuata mama popote. Mama alikwenda bafuni, akatoka, nje ya mlango hapakuwa na mtu. Alijiambia ni haki yake. Kabla taa haijazimwa, amelala kifudifudi kwenye kitanda chake cha usichana, akasikia kitu cha moto kinakandamizwa mgongoni, palepale, chini kidogo ya katikati, upande wa kushoto. Hakugeuka. Mkandaji alikaa hivyo mpaka maji yakaanza kupoa, kisha akaondoka na chupa yake.

Mpango wa kujiondokea kimya mama aliuacha palepale. Asubuhi aliamka ili awaamshe na kuwaaga kama mtu. Alipofungua mlango, Mkia alikuwa amekaa kizingitini. Viatu vimefungwa. Begi mgongoni, mkanda wa kifua umebanwa.

"Unakwenda wapi?"

"Nakuja na wewe."

"Mkia."

"Naweza kubeba. Umeniona jana. Wewe mwenyewe umenifundisha."

Alikuwa amemfundisha, kweli. Jioni baada ya jioni alimfundisha mtoto huyu jinsi ya kutobaki nyuma, na mtoto ameelewa somo. Angeweza kumwambia hutaweza, njia ni ndefu, utachoka. Ingekuwa uongo mwingine, na Mama Mkia alihisi hana tena mahali pa kuuweka.

"Unaweza," akasema. "Ungefika kabla yangu. Lakini kule nitakakolala watoto hawaruhusiwi."

"Nitakaa nje ya mlango. Kama chooni."

Mama akashika mhimili wa mlango. 

"Ni siku nyingi, mwanangu. Usiku mtu hawezi kukaa nje ya mlango wa hospitali. Nikijua upo pale nje peke yako sitapona. Nikijua upo hapa kwa Bibi, umeshiba, nitalala, na kulala ndiyo dawa yenyewe."

Mkia akafikiri. Mkanda wa kifua ulikuwa unapanda na kushuka.

"Basi nakusindikiza."

"Nisindikize."

Mzee akatoka anafikicha macho, akavaa viatu bila kuambiwa. Bibi akabaki mlangoni akipunga mkono, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ya kawaida, "Nenda, mwanangu." Wakapanda watatu mpaka kwenye jiwe kubwa linalogawa mashamba ya Bibi na mlima, begi la Mkia likiwa limejaa vilevile. Hakuna aliyemwambia alipunguze.

Penye jiwe akalivua. Akatoa sweta la kijani, akapanda juu ya jiwe, akamfunga mama yake mabegani kwa mikono ya sweta, fundo mbele.

"Hili unavaa, hubebi," akasema. "Kileleni baridi."

"Ahsante."

"Ndara na kikombe vinabaki. Na chupa. Utavikuta."

"Nitavikuta."

"Unakuja lini?"

Ulimi wa mama ulikuwa tayari na tarehe, tarehe nzuri ya kumtuliza mtoto, akaizuia. "Sijui. Nikijua nitampigia simu Bibi, na atapokea kwa kelele, hata ukiwa mtoni utasikia."

Mkia akakaribia kutabasamu. Mama akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakibana kifuani, na kwa nguvu zake zote akajizuia kumnyanyua. Kisha akamshika Mzee, ambaye alikubali kushikwa kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Shukeni taratibu," akasema.

Mkia akakaa, akapitisha mikono, akafunga mkanda, akainama, akasimama. Wakashuka, yeye mbele na kaka yake nyuma. Mama alibaki penye jiwe. Alijua mtoto wake ni mgeukaji, aliyegeuka kila ngazi mpaka akachunika goti, na akasimama akisubiri ule uso ugeuke mara moja tu auone. Haukugeuka. Kichwa kilikuwa kimeinama, macho yapo anapokanyaga, hatua fupi, kama alivyofundishwa. Mama Mkia alitamani amsahaulishe yote. Laiti angekuwa mwalimu mbaya.

Karibu na kona ya kwanza begi likasimama. Sauti ikapanda mlimani, nyembamba, mtoto ametazama chini vilevile.

"Mama, upo?"

"Nipo!"

Begi likaendelea. Likapotea nyuma ya kona, likaonekana tena chini, dogo zaidi.

"Upo?"

"Nipo!"

Mgongo ulikuwa unamchoma na njia ilikuwa inamsubiri, kutwa nzima, peke yake. Hakusogea. Aliitikia kila alipoulizwa, sauti ya chini ikizidi kuwa ndogo na ya kwake ikizidi kuwa kubwa, mpaka akaita mara moja bila kujua kama ameulizwa. Akangoja. Kulikuwa kimya. Akabana fundo la sweta, akageuka, akaanza kupanda.